Mwaka Niliovaa Vazi la Mwanaanga

Lan alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele, akasema baba yake amefariki. Hakujitambulisha, wala hakuwa na haja. Sauti ya mtu uliyemjua akiwa na miaka kumi na mitano haipotei, hata ikizidi kuwa nzito. Alisema mzee aliugua muda mrefu, kwamba matanga yapo nyumbani kwao Cyrildene, hapa hapa Johannesburg, na kwamba nikiweza kufika atashukuru. Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nilikuta uso wangu unawaka kama niliyeinamia jiko. Binti yangu alikuwa anatafuta chaja yake chini ya kochi. Akaniuliza kwa Kiingereza ni nani huyo, maana wanangu wote Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza, na wakikasirika kwa Kizulu. Nikamwambia ni mtu niliyewahi kufanya kazi kwa baba yake. Hilo ni kweli, na ni ukweli mdogo ambao nimeutumia kwa miaka zaidi ya ishirini kufunika ule mkubwa.

Ya Tanga nayaacha Tanga. Inatosha kusema kwamba mwaka ule Mchina wa kwanza alipopelekwa angani, mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kupita kiasi, na nilikuwa nimefika Johannesburg miezi michache tu kabla, wakati wa baridi ile kavu inayopasua midomo. Nilifikia kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, aliyepanga chumba cha uani Mayfair, nyuma ya nyumba ya Wahindi. Chumba kilikuwa kimoja, na shangazi alikigawa kwa pazia la maua: upande huu kitanda chetu, upande ule majiko mawili ya gesi, masufuria, na ndoo za unga. Alikuwa anapikia wafanyabiashara: Watanzania, Wasomali, Warundi waliochoshwa na mikate. Tangu alfajiri chumba kilinuka iliki na vitunguu, na nguo zangu zote zilinuka hivyo hivyo, hata zile nilizofunga kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi alikuwa mwanamke wa heshima zake. Akipita njiani kwenda msikitini wanawake walimsogelea kumsalimia, naye aliitunza heshima hiyo kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Kwangu alikuwa na mpango mmoja: niolewe vizuri, na mapema.

Wakati mpango huo ukiiva, alinitafutia kazi katikati ya mji, upande wa Marshalltown, kwenye mtaa ule wa zamani wa Wachina. Duka lilikuwa la jumla: mablanketi, chupa za chai, miavuli, ndala, midoli inayoimba ukiibonyeza tumbo. Mwenye duka aliitwa Wen. Alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa, mpole, na aliyekuja huku miaka kadhaa nyuma kutoka mkoa wa jangwa kule kwao. Mkewe alikuwa amebaki China kumuuguza mama yake, kwa hiyo Bwana Wen aliishi juu ya duka na binti yao mmoja, Lan, aliyekuwa anasoma shule ya Kiingereza. Kiingereza cha Bwana Wen na changu vilikuwa vya kuokoteza, tukaelewana kwa mikono na kwa kurudia. Mchana tulikula pamoja nyuma ya duka, juu ya meza ya maboksi. Yeye na wali wake na kabichi ya pilipili, mimi na chapati na maharage ya shangazi, kwa sababu vyungu vyao havikuwa vya halali, sikuweza kula humo, naye alilijua hilo bila kuambiwa na hakuwahi kunikaribisha mara mbili. Lan alikuja na sare yake ya shule na kota mkononi, ule mkate uliochimbwa ukajazwa chipsi. Aliila ametugeuzia mgongo mimi na baba yake, mtoto mwenye mkate wa hapa na baba wa kule.

Siku habari ilipotangazwa, nilifika kazini nikamkuta Bwana Wen amesimama mbele ya televisheni ndogo ya dukani na milango bado imefungwa. Wateja walikuwa wanagonga nje. Kwenye kioo palikuwa na jangwa, kisha moto, kisha mtu mmoja amekaa amefungwa mikanda, anatazama kamera kama anayepigwa picha ya pasipoti. Bwana Wen alikuwa analia waziwazi, machozi yanashuka hadi kwenye kola. Aliniambia lile ni jangwa la kwao. Alikulia upande ule, akila mchanga pamoja na wali. Mchana hakula. Alichukua kipande cha boksi na kalamu nene akanichorea. Mtu mmoja leo. Halafu watu wawili. Halafu mwanamke. Halafu nyumba huko juu, nyumba yao wenyewe ya kukaa kwa zamu. Halafu mwezini.

"Wamarekani walikwenda mwezini mbio," alisema, "wakarudi, wakafunga mlango. Sisi taratibu. Kwanza nyumba njiani, halafu mwezi."

"Baba, tafadhali," Lan alisema bila kugeuka. "Hata choo cha hapa juu kimeziba wiki nzima."

Nilicheka. Bwana Wen naye alicheka, lakini kwa kuchelewa kidogo, na aliiweka kalamu mfukoni.

Wiki ile ile akamwita Papa Deo, fundi cherehani Mkongo aliyekuwa na chumba ghorofa ya pili, akampa kitambaa cha fedha kile wanachofunikia magari. Alitaka vazi la mwanaanga, la kusimama mlangoni Jumamosi, siku ya wateja wengi. Fundi alilishona vizuri sana, lenye bendera kifuani na sanduku la povu gumu mgongoni. Helmeti ilitengenezwa kwa mpira mkubwa wa plastiki uliokatwa, na mbele kioo cheusi ambacho wa ndani huona nje lakini wa nje haoni kitu. Vazi lilikuwa la Lan. Jumamosi asubuhi aliliangalia likining'inia, akamwangalia baba yake, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba wenzake wa shule hupita mtaa ule na mama zao, na kwamba afadhali afe. Kisha akapanda ngazi, na mlango wa juu ukafungwa kwa kishindo.

Bwana Wen alibaki amelishika vazi kama mtu aliyemshikia mgeni koti. Macho yake yakaja kwangu. Hakuniamuru. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema mengi. Aliniuliza, na aliuliza kwa aibu. "Leo tu, dada," alisema; neno hilo la dada alikuwa amelisikia kwa wateja wetu. Nikafikiri: uso hautaonekana. Nikafikiri pia, na hili nililificha hata moyoni, kwamba sijawahi kuwa kitu chochote ambacho watu husimama kukitazama. Papa Deo alishuka kurefusha miguu ya suruali.

"Dada, simama muzuri," alisema na pini mdomoni. "Utavala hii, watu watawaza unaenda ku mwezi kweli."

Ushungi haukuingia kwenye helmeti. Nikauvua, nikafunga nywele kwa wavu, nikatoka mlangoni.

Ile leo tu ikawa kila Jumamosi. Biashara ilipanda. Watoto walivuta mikono ya mama zao, vijana wa teksi walipiga honi, wengine walinigonga mgongoni wakauliza kwa Kizulu kama kuna mtu humo. Sikujibu, wanaanga wa duka hawasemi. Wengi waliamini ndani kuna Mchina. Kwa sababu hiyo, wa kwetu walizungumza mbele yangu kwa Kiswahili kama wanavyozungumza mbele ya mlingoti. Walibishana kama Mchina kweli amefika angani au wamepiga picha studio. Mmoja alisema hiyo roketi kama imenunuliwa duka hili hili itarudi imevunjika mpini. Nilicheka humo ndani hadi kioo kikapata ukungu. Shangazi hakujua. Aliamini nipo kaunta, nimejifunga ushungi wangu vizuri, natoa risiti.

Kisha Ramadhani ikaingia, na pamoja nayo posa. Ilitoka kwa Bi Salma, mama wa Kizanzibari mwenye duka la vitambaa pale Mayfair. Mwanawe, Nassor, alikuwa na spaza, duka dogo la mtaani, kule Diepsloot. Shangazi aliniambia tukifuturu, huku ananiongezea uji ambao sikuwa nimeuomba. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika mwisho wa ngazi. "Watu wa dini, watu wa mali zao," alisema, "na mama yake amekupenda mwenyewe, kwa kukuona tu ulivyotulia." Nilikuwa nimemwona Nassor mara moja, akiteremsha magunia ya sukari. Sikuwa na neno baya juu yake. Nikasema nitafikiria, na shangazi akalichukua hilo kuwa ndiyo, kwa sababu msichana wa kwao akisema nitafikiria huwa ameshafikiria.

Jumamosi iliyofuata Bi Salma alikuja mtaa wa Wachina na rafiki yake kununua mazulia ya Idi. Jua lilikuwa kali, nami nimefunga. Walisimama kwenye kivuli cha baraza letu, hatua chache tu kutoka nilipo, rafiki akamuuliza kuhusu huyo mkwe.

"Mrefu kama nguzo ya umeme," alisema Bi Salma, "lakini kimya. Na nilichompendea hasa, hana mtu. Shangazi mpika maharage, basi. Nassor mkono wake mwepesi, unamjua. Yule mke wa kwanza, wa hapa hapa, kila akiguswa, polisi. Huyu atakimbilia kwa nani?"

Rafiki alisema, "Eish, dada, hayo nayo." Wakaingia ndani. Wakapita karibu yangu, na baibui ya Bi Salma iligusa glovu yangu ya fedha.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichohisi humo ndani, na huwa nashindwa. Hofu ilikuwepo, na hasira, lakini juu ya yote niliona aibu. Kana kwamba kutokuwa na mtu ni uchafu niliotoka nao Tanga nikadhani hauonekani. Na jambo lililonibana zaidi ni kwamba sikuweza kumwambia shangazi. Angeniuliza nimeyasikia wapi. Bi Salma asingesema maneno hayo mbele ya mtu anayemjua, na mimi nisingeweza kueleza nilikuwa nimesimama wapi, nimevaa nini, kichwa wazi. Usiku ule tulikula futari, shangazi akihesabu kwa sauti majina ya watakaoalikwa harusini, mimi nikitafuna tende moja muda mrefu sana. Siku zote zilizofuata nilikuwa nafungua mdomo na kuufunga.

Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani, mtaa ulijaa wanawake wa Mayfair. Wote wanajua kwamba Idi hununuliwa kwa Wachina. Joto lile la Novemba linalotangulia mvua lilikuwa limekaa juu ya mji kama mfuniko. Nilikuwa nimekula daku kidogo tu kwa mawazo. Nakumbuka kwamba lami ilianza kupanda na kushuka. Nakumbuka sauti ya bahari, ambayo haipo Johannesburg. Kinachofuata sikukiona, nilikuta tu maji ya baridi yananishuka kooni, na nilipofumbua macho niliona anga tupu bila kioo cheusi. Bwana Wen alikuwa amepiga magoti ananiwekea chupa mdomoni, anarudia "Dada, dada." Helmeti ilikuwa pembeni. Wavu ulikuwa umetoka, nywele zangu zimesambaa barabarani. Na nyuso zilizokuwa zinanitazama kutoka juu, moja baada ya nyingine, zote nilizijua.

"Si wa Zuhura huyu?" mmoja alisema.

"Na amekunywa! Amefungua!"

"Kichwa wazi, anacheza ngoma ya Mchina."

Bi Salma alikuwepo. Alinitazama usoni, kisha akaitazama helmeti, kisha sehemu ile ya baraza aliyosimama wiki iliyopita. Nikauona mwanga wa kuelewa unapita usoni mwake, na yeye akajua nimeuona. Akageuka akaondoka. Rafiki yake ndiye aliyevua mtandio wake wa juu akanifunika kichwa.

Posa ilivunjwa kwa salamu tu, kupitia mtoto wa jirani, kabla ya magharibi. Shangazi alinisubiri nimalize kuoga. Alikuwa amekaa kitandani mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nikamwambia yote, na ya Bi Salma pia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mkono mwepesi," alisema.

"Ndivyo alivyosema, shangazi."

"Na mimi nilishahesabu wageni." Akalinyoosha shuka kwa kiganja. "Mungu amekuvua nguo ili akukinge, mwanangu. Lakini mimi kesho nitapita njia gani kwenda kununua vitunguu?"

Alikuwa ameniamini, na bado alikuwa anaona aibu, na nilielewa kwamba moja haliondoi la pili.

Siku ya Idi alipika kama kawaida yake, pilau ya mbuzi kwenye sufuria kubwa, kachumbari, kaimati. Alitandika mkeka mpya, akaweka sinia katikati. Miaka iliyotangulia, kwa alivyonisimulia, chumba kile siku ya Idi kilikuwa hakipitiki. Tulikaa. Tulisikia sauti za watu wakipita uchochoroni, wakicheka, wakiingia kwa majirani. Pilau ilifunikwa, ikafunuliwa, ikafunikwa tena. Adhuhuri ikapita. Ndipo pakabishwa hodi, na shangazi alisimama haraka mno akijipangusa mikono, akafungua, na mlangoni alikuwepo Bwana Wen amevaa suti na tai, na nyuma yake Lan akiwa na uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Walibeba boksi la machungwa na chupa ya chai mpya iliyofungwa karatasi nyekundu.

Mgeni ni mgeni. Shangazi aliwakaribisha, akawanawisha, akawapakulia. Bwana Wen alikaa juu ya mkeka na suti yake, magoti yamekataa kukunjika, akala pilau kwa mkono jinsi alivyoniona nikifanya, punje zinamwangukia kwenye tai. Alikuwa amejiandalia maneno. Alisema amekuja kuomba radhi, hakujua kwamba aliyefunga hata maji hanywi, hakujua kuhusu nywele, na kwamba mimi ni mfanyakazi mzuri. Nilitafsiri. Shangazi aliitikia kwa kichwa kila neno. Alipomaliza, shangazi aliosha vidole vyake taratibu kwenye bakuli.

"Muulize," aliniambia. "Yule binti yake pale. Angemvalisha yeye vazi lile, akamsimamisha barabarani?"

Sikutaka kutafsiri. Shangazi alinitazama, nikatafsiri.

Lan ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza, macho yapo kwenye mkeka. "Lilikuwa langu," alisema. "Alinishonea mimi. Mimi nilikataa, ndiyo akampa yeye." Nikalisema hilo pia kwa Kiswahili, na kila neno lilikuwa zito kulitoa. Bwana Wen alikuwa amepata wekundu kuanzia masikio yale makubwa hadi shingoni. Aliinamisha kichwa, akamaliza wali wake wote hadi punje ya mwisho, akashukuru, wakaondoka. Hakuna mgeni mwingine aliyekuja siku ile. Jioni tuliwapelekea pilau Warundi wa nyumba ya tatu, Wakristo, ambao hawakuwa na habari na lolote.

Kazini sikurudi. Jumamosi baada ya Idi, mwanamke mmoja alikuja kununua chapati, akashindwa kusema kwa kicheko. "Mchina wenu kavaa mwenyewe!" Shangazi alizima jiko. Alivaa baibui yake ya msikitini, akaniambia, "Twende."

Tulimwona kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, kabla taa haijaturuhusu kuvuka. Vazi lililorefushwa kwa ajili yangu lilikuwa limemzidi; miguu ya suruali ilikuwa imekunjamana kama akodiani, na bendera ilimfika tumboni. Alikuwa ameinua mkono mmoja, anapunga, kama nilivyokuwa napunga. Vijana walikuwa wanamsukuma sanduku la mgongoni aone kama ataanguka. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wametoka madukani wanamfokea kwa Kichina, na hata asiyejua lugha angeelewa wanasema nini: unatuaibisha. Lan alikuwa amesimama ndani ya mlango, nusu yake inaonekana, analia kwa hasira. "Yupo tangu asubuhi," aliniambia. "Hataki kuvua. Nimemwomba."

Shangazi aliwapita wale vijana, nao wakampisha. Alisimama mbele ya kile kioo cheusi, ambamo hakuweza kuona chochote isipokuwa uso wake mwenyewe.

"Mwambie inatosha."

Nikamwambia. Mkono uliendelea kupunga.

"Mwambie mimi ndiye niliyeuliza swali, na mimi ndiye nasema nimejibiwa."

Nilitafsiri nikiwa nimeweka mdomo karibu na plastiki, na pumzi yangu ikarudi usoni pangu. Mkono ukashuka. Aliivua helmeti kwa mikono yote miwili. Nywele zake chache zilikuwa zimeganda kwenye paji, midomo ni myeupe. Aliinama mbele ya shangazi, chini kabisa, halafu mbele yangu. Watu walikuwa wanatazama. Nilikuwa nimedhani kwamba kumwona mwingine mahali pale kungenipunguzia mimi. Badala yake nilihisi nimevuliwa upya, na sasa tuko wawili.

Kabla baridi haijarudi alifunga duka, wakahamia mashariki ya mji. Mimi nilibaki na shangazi na masufuria yake, baadaye nikapata kazi kwa Msomali muuza mashuka, na miaka mingi baadaye nikaolewa na mtu mpole wa Kigoma ambaye hajui kisa hiki. Wanawake wa Mayfair walirudi kula kwa shangazi; njaa haina kumbukumbu ndefu. Alipofariki walijaa uani hadi barabarani. Lakini hadi leo, nikiingia mahali penye wengi, kitu cha kwanza mkono wangu hufanya ni kwenda kichwani kuhakikisha.

Nilikwenda Cyrildene na mfuko wa tende. Sebule ilikuwa na maua meupe, moshi wa ubani wao, na picha ya Bwana Wen akiwa mzee, masikio yale yale. Lan sasa ana mvi pembeni na mgahawa wake mwenyewe. Alinikalisha karibu naye, akanimenyea chungwa, akanitengea mbali na vyakula vingine bila kuniuliza. Watu walizungumza Kichina chini chini. Ukutani televisheni kubwa ilikuwa imewashwa bila sauti, kwenye chaneli ya kwao, na nikaona wanaume wawili na mwanamke mmoja wakielea ndani ya ile nyumba aliyonichorea kwenye boksi.

"Ameiona yote ikitimia," nilisema. "Bado mwezi tu."

Lan alitikisa kichwa. "Aliona roketi," alisema. "Kila safari aliamka kuitazama inavyoruka. Hakukosa hata moja. Lakini wakianza kuonyesha watu wanatoka na mavazi yao, wanapunga mkono, alikuwa anazima. Kila mara. Mama alipohamia huku alidhani macho yanamuuma. Sikumwambia."

Miaka yote nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu, nimeibeba kwa siri kutoka mtaa ule, na kumbe na yeye alibeba yake kimya, mtu aliyengoja tangu utotoni jangwani kuona nyuso hizo. Nililia hapo, mbele za watu nisiowajua, na wao walidhani ni msiba.

Msimamizi mmoja wa familia akasogea na rimoti ili azime, kwa adabu, kwa vile mgeni analia. Lan alimwambia kitu akaacha. Kisha akanigeukia. "Rukia, unataka nizime?"

"Hapana," nilisema. "Iache."

Tukakaa. Yule mwanamke wa kule juu akaikaribia kamera, nywele zake zimesimama pande zote, hakuna aliyemfunika, akatabasamu, akainua mkono. Nilimtazama usoni mpaka wakabadilisha picha.